Sukari Iache Jikoni, Nyanya Haijakuomba Chai

Wiki hii nilikuwa nimeandaa somo la kuchagua mbegu chotara, na bado lipo, litakuja. Limesogezwa na jambo nililolikuta kinyunguni kwa kijana mmoja huku kwetu Kilolo, jambo ambalo mimi mwenyewe nina mkono ndani yake. Nikikaa kimya nitakuwa sijawatendea haki, maana najua asilimia kubwa ya mnaosoma hapa mna ile video kwenye simu zenu: jamaa anakoroga sukari kwenye ndoo, anamwagilia mche uliosinyaa, picha inakatwa, halafu mche umesimama wima kama askari.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwezi wa sita, baridi ya Iringa ikiwa imekolea, kijana wangu alihamishia miche 1,200 ya nyanya chotara kwenye kinyungu chake. Hela ya mbegu na mbolea ni ya mkopo wa kikundi. Alikuwa amepiga hesabu zake vizuri tu: avune wakati tenga la Ilula linapanda bei, kabla wengine hawajaingia sokoni. Wiki ya pili majani yakaanza kuwa na rangi ya zambarau kwa chini na miche ikawa imedumaa. Akanipigia simu. Mimi nilikuwa nyuma ya bodaboda, upepo unavuma masikioni, nawahi mkutano wa kata. Akaniuliza, "Bwana shamba, nasikia maji ya sukari yanaamsha miche. Ni kweli?" Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyo: "Sukari haina sumu bwana, jaribu tu kidogo."

Jaribu tu kidogo! Mkulima mwenye mkopo akiambiwa na bwana shamba ajaribu, yeye anasikia ameruhusiwa. Akanunua mfuko wa kilo 50.

Nilipofika baada ya wiki tano nilikuta miche mingi imekufa kwa kuoza shingoni, pale shina linapoingia ardhini. Iliyobaki ilikuwa na rangi ya kijani iliyopauka, mifupi, na sisimizi wamejaa chini ya kila mche kama wako kwenye harusi. Kwenye majani machanga vidukari walikuwa wamejipanga. Tulihesabu pamoja. Kati ya miche 1,000 iliyopata sukari, iliyokufa au isiyofaa kuendelea nayo ilikuwa 340. Nasema 1,000 kwa sababu miche 200 ya matuta mawili ya juu haikupata kitu. Sukari ilikuwa inaishia kabla ya kufika kule, na kupandisha ndoo kilimani ni kazi. Matuta yale yako mbali na mfereji na ndiyo yalikuwa yanapata maji kwa shida kuliko yote, lakini ndiyo yaliyokuwa na miche ya kujivunia. Ile zambarau ilikuwa imeondoka yenyewe baada ya siku za jua.

Sasa tukae chini tulielewe hili jambo. Nikiwaambia "msiweke sukari" halafu basi, mwakani atakuja mwingine na asali au soda na tutaanza upya.

Turudi darasani kidogo. Mmea haununui sukari, unaitengeneza. Jani linachukua hewa ya kaboni kutoka angani, maji kutoka mizizini na mwanga wa jua, linatengeneza sukari. Shuleni mliita usanisinuru. Sukari hiyo inateremka kwenye shina na kugawiwa: nyingine inajenga majani mapya, nyingine inaenda kwenye tunda, na sehemu nzuri tu inashuka hadi mizizini, kwa sababu mzizi uko gizani na hauwezi kujipikia. Mzizi umeumbwa hivyo, unapokea sukari kutoka juu na unapeleka juu maji na madini. Ukimimina sukari chini unategemea mzizi ufanye kazi kinyume na ulivyozoea. Ni kweli mzizi unaweza kunyonya sukari kidogo sana kutoka kwenye udongo, lakini hauko peke yake pale chini. Kuna mamilioni ya bakteria na kuvu kwenye kila kijiko cha udongo, na hao hawana majani. Wao wanaishi kwa kutafuta sukari usiku na mchana. Mashindano hayo nyanya haishindi.

Kwa hiyo ukikoroga sukari ukamwaga, aliyekula ni kijidudu cha udongo. Hapo ndipo hasara inapoanza.

Kijidudu ni kiumbe, kinahitaji kujenga mwili. Sukari inampa kaboni, haimpi naitrojeni hata chembe. Akipata sukari nyingi kwa mpigo anazaliana haraka, na naitrojeni ya kujengea miili yote hiyo anaitafuta humo humo kwenye udongo. Anachukua ile uliyomwekea mche. Wakulima wa zamani wanajua hili kwa njia nyingine: ukichanganya pumba za mbao mbichi au maranda kwenye udongo halafu ukapanda hapo hapo, mimea inakuwa ya njano. Kanuni ni ile ile, tofauti yake ni kwamba sukari inafanya kazi hiyo ndani ya siku chache, wakati maranda yanachukua muda mrefu.

Tupige hesabu, maana nyie ni wakulima wa biashara. Kijana alikuwa anaweka nusu kilo ya sukari kwenye ndoo ya lita 20, na kila mche anaupa kopo la nusu lita, mara moja kwa wiki, kwa wiki nne. Kila kopo lina gramu kama 12 na nusu za sukari, kwa hiyo kila mche ulipata gramu 50. Katika sukari, karibu asilimia 42 ya uzito ni kaboni, yaani gramu 21 hapa. Vijidudu wanapumua na kupoteza zaidi ya nusu ya hiyo hewani, tuseme gramu 8 hivi zinabaki kwenye miili yao. Na mwili wa kijidudu, kwa kila gramu 8 za kaboni, unataka karibu gramu 1 ya naitrojeni. Ni makadirio, udongo unatofautiana, ila picha unaiona: gramu 1 ya naitrojeni imefungwa kwenye kila mche. Kizibo cha soda cha urea, kile tunachopimia, kina gramu 5 za urea, na ndani yake naitrojeni ni gramu 2.3. Yaani kijana alinunua sukari ili kuunyang'anya mche wake karibu nusu kizibo cha urea. Tena kwenye mwezi ule ambao mche ndio unajenga majani!

Atatokea mtu aseme vijidudu wakifa naitrojeni inarudi. Kweli, inarudi, haijapotea. Lakini inarudi baada ya wiki nyingi, na nyanya ya kuwahi soko haina wiki za kusubiri. Mche uliodumaa mwezi wa kwanza utakuchelewesha kuvuna, na ukichelewa kuvuna unafika Ilula siku ambayo tenga limejaa barabara nzima na madalali wanachagua kama wanachagua mchumba.

Na bei ya sukari unaijua mwenyewe. Huku kwetu mfuko wa sukari wa kilo 50 unazidi bei ya mfuko wa urea ya ruzuku wa uzito huo huo, na kwa mbali. Hapo sijaongeza mwaka 2024 mwanzoni ilipoadimika, watu walikuwa wanakunywa chai ya chumvi.

Hilo la naitrojeni lilieleza kupauka. Kuoza shingoni ni jambo jingine. Kuvu wanaoleta kinyausi wapo kwenye udongo karibu kila mahali, wanangoja unyevu, baridi na chakula. Kijana alikuwa na baridi ya mwezi wa sita, alikuwa na unyevu wa bonde, na chakula akawapelekea yeye mwenyewe na kopo, hadi shingoni mwa mche. Sitaki kudanganya hapa: siwezi kusema kila mche kati ya ile 340 uliuawa na sukari. Kinyungu kina historia yake, na miche kadhaa ingekufa tu. Lakini matuta mawili ya juu yalipoteza miche 9 katika 200. Fanya hesabu ya asilimia mwenyewe.

Sisimizi nao. Watu wanawachukulia poa kwa sababu sisimizi hali nyanya. Sisimizi anafuga. Vidukari wananyonya utomvu wa mmea, wanatoa majimaji matamu, sisimizi anayanywa, na kwa kuwa anayapenda anawalinda vidukari wake dhidi ya wadudu rafiki kama kibibi kirembo ambaye angewala. Ukiwaita sisimizi kwa sukari umeajiri walinzi wa adui yako. Na vidukari ndio wanaobeba virusi kutoka mche hadi mche, na virusi havina dawa, kazi yake ni kung'oa.

Kuna hili la maji pia, na wengi hawalijui. Ukikata kachumbari ukanyunyiza chumvi, baada ya dakika kumi bakuli lina maji chini. Maji yametoka wapi? Yametoka ndani ya kitunguu na nyanya, yamevutwa na chumvi iliyo nje. Sukari inafanya vile vile. Nyunyiza kwenye vipande vya nanasi utaona. Mzizi unavuta maji kwa sababu ndani yake kuna vitu vilivyoyeyuka vingi kuliko kwenye maji ya udongo. Ukiyafanya maji ya udongo kuwa mazito, mzizi unalazimika kufanya kazi zaidi kupata maji yale yale. Gramu kwa gramu sukari haivuti kwa nguvu kama chumvi, hilo niseme ukweli, na kwa kipimo cha kijana wangu mche haukunyauka kwa sababu hiyo peke yake. Lakini ukisikia mtu anaweka vikombe vya sukari kwenye ndoo ya miche ya trei, ambayo ina udongo wa kiganja kimoja tu, hapo mche unaweza kulala siku hiyo hiyo. Na mwenye mche akiona umelala, anaongeza nini? Anaongeza maji ya sukari.

Nyie mnaotumia umwagiliaji wa matone, naomba msikie kwa masikio yote mawili. Sukari au molasi ikipita kwenye mipira ya dripu, bakteria wanaota humo ndani na kutengeneza utelezi, na matundu yale madogo yanaziba moja baada ya jingine. Utagundua mstari wa mwisho unapokauka. Kusafisha mipira iliyoziba kwa utelezi ni adhabu. Nimeona kitalu nyumba cha kikundi kimoja wakibadilisha mipira yote kwa sababu ya "mbolea ya asili" ya molasi ambayo mtu aliwauzia.

Na kunyunyizia sukari kwenye majani kwa solo? Mmewahi kuona mwembe wenye majani meusi kama yamepakwa masizi? Ule ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu ya wadudu. Ukinyunyiza sukari umetengeneza majimaji hayo bila wadudu. Jani lililofunikwa masizi halioni jua, na jani lisiloona jua halitengenezi sukari. Umeweka sukari ili upunguze sukari.

Sasa najua hoja zitakazokuja, kwa sababu nimeshaletewa zote.

Ya kwanza: "Mbona maua ya chombo yanawekewa sukari?" Kweli, na inafanya kazi. Mashamba ya maua ya Arusha na Naivasha yanajua hilo vizuri, na kile kipakiti kinachokuja na shada la waridi kina sukari ndani. Lakini angalia hilo ua. Limekatwa, halina mzizi, limebaki na majani mawili matatu, liko sebuleni ambako hakuna jua la maana. Kiwanda chake cha sukari kimefungwa. Linakunywa kwa mkato wa shina moja kwa moja. Na hata hivyo kwenye kipakiti hicho kuna asidi na dawa ya kuua bakteria, kwa sababu wenyewe wanajua sukari peke yake ingefanya maji yaoze ndani ya siku mbili. Nyanya yako ina mizizi, ina majani, iko juani. Haifanani na lile ua hata kidogo.

Ya pili, na hii huletwa na waliosoma: "Migomba ya chupa inakuzwa kwenye sukari." Ni kweli tena. Lishe ya maabara iliyotungwa na Murashige na Skoog mwaka 1962, ambayo hadi leo ndiyo inayotumika sana duniani, kwa kawaida huwekewa gramu 30 za sukari kwa lita. Kipande kile cha mgomba hakina majani ya kujilisha, kwa hiyo kinalishwa. Ila mle ndani ya chupa hakuna hata bakteria mmoja. Kila kitu kimechemshwa kwa mvuke wa shinikizo, mfanyakazi ananawa kwa spiriti, anafanya kazi mbele ya hewa iliyochujwa. Bakteria mmoja akiingia, chupa nzima inavunda na kutupwa. Sasa wewe kinyunguni kwako umechemsha udongo?

Ya tatu ni ngumu kidogo na naiheshimu. Kule Uingereza wamewahi kufanya majaribio ya kumwagia maji ya sukari miti michanga iliyohamishwa, na baadhi ya miti iliongeza mizizi. Sikatai. Mti ule unang'olewa shambani na kuacha sehemu kubwa ya mizizi yake ardhini, unahamishiwa kwingine ukiwa na jeraha. Mche wako wa trei unatoka na mizizi yake yote na udongo wake, haujapoteza kitu. Kuchukua jambo la mti uliojeruhiwa na kulipeleka kwenye nyanya nzima ni sawa na kumpa drip mtu aliyekuja hospitali kumsindikiza mgonjwa.

Kama unataka kuona sukari inavyofanya kazi kwenye udongo kweli kweli, tazama wanavyoitumia wale wanaojua. Marekani na Australia kuna watafiti wa nyasi za asili ambao humwaga sukari ardhini kwa makusudi ili kupunguza naitrojeni, magugu yanayopenda mbolea yakose nguvu. Yaani wanaitumia kudumaza mimea! Na Japani, Uholanzi na Marekani kuna njia ya kusafisha udongo kabla ya kupanda: wanaweka mabaki ya mimea au molasi kwa wingi, wanaloanisha, wanafunika kwa nailoni. Vijidudu wanakula na kuzaliana hadi wanamaliza hewa yote ya oksijeni kwenye udongo, na vimelea vingi vya magonjwa vinakufa humo. Wiki kadhaa baadaye ndipo wanafunua, wanaacha udongo upumue, wanapanda. Hawathubutu kufanya hivyo mmea ukiwa shambani, maana mzizi nao unapumua oksijeni hiyo hiyo.

Molasi ina kazi zake halali, nisije nikasikika kama naichukia. Kwenye sileji ya ng'ombe inasaidia sana. Kwenye mboji ya kuchachusha, ile ya bokashi, inawapa vijidudu nguvu ya kuanza kazi, na hapo vijidudu wanakula na kufungana na naitrojeni wakiwa kwenye lundo, mbali na mzizi wa mtu. Mboji ikishaiva ndipo unaipeleka shambani. Pia ina potasiamu kiasi, na nadhani ndiyo sababu baadhi ya watu wanaoiweka huona mabadiliko mazuri wakafikiri ni utamu. Kama unachotaka ni potasiamu, kuna mbolea yake dukani, na majivu ya jikoni nayo yana potasiamu, ila usizidishe kwenye udongo ambao tayari una chumvi au magadi.

Wale wa tikiti nao wananiuliza kila msimu: sukari inaongeza utamu wa tunda? Haiongezi. Utamu wa tikiti ni sukari iliyotengenezwa na majani ya tikiti. Ukitaka tikiti tamu, linda majani yasiliwe na ukungu hadi siku ya kuvuna, potasiamu iwepo wakati matunda yanajaa, usiache matunda mengi kwenye mmea mmoja, punguza maji siku za mwisho na vuna likiwa limeiva, kwa sababu tikiti likishakatwa halizidi utamu tena. Kuna kifaa kidogo cha kupimia utamu, unadondosha tone la juisi unasoma asilimia. Tikiti zuri linasoma 10 na kuendelea. Kikundi kikichangishana kinapata kimoja, na mnunuzi wa hoteli akiona unapima mbele yake, mazungumzo ya bei yanabadilika.

Nirudi kwenye ile video, maana wapo watakaosema "mimi nimeona kwa macho yangu mche ukiamka". Mche uliosinyaa kwa kiu ukipewa maji utaamka. Ungeamka hata bila sukari, labda haraka zaidi. Kosa la video ile ni kwamba hakuna mche wa pili pembeni uliopewa maji matupu. Na kosa hilo ndilo langu pia siku ile kwenye bodaboda. Nilisema "jaribu" bila kusema jaribio ni nini.

Kwa hiyo ukipata wazo jipya, la sukari, la maji ya wali, la mkojo wa sungura, la chupa yenye lebo ya kijani kutoka duka la pembejeo, fanya hivi. Chagua miche 40 kwenye tuta moja lenye udongo ule ule, mbegu moja, iliyohamishwa siku moja. Weka alama kwa vijiti. Mmoja upe dawa yako mpya, unaofuata upe maji matupu kiasi kile kile, hivyo hivyo kwa kupishana hadi mwisho, ili kama upande mmoja una rutuba zaidi usikudanganye. Shamba lote lililobaki liache kama kawaida. Pima urefu wiki ya tatu, hesabu maua, na ukivuna pima kilo za kila upande kwenye mzani, usikadirie kwa macho. Macho yanapenda kile tulichokigharamia. Kama miche 20 ikikushinda, umepoteza miche 20. Kijana wangu alifanya jaribio la miche 1,000 kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba jaribio lina ukubwa wake.

Na siku ile angeniuliza nikiwa nimetulia, jibu lilikuwa rahisi mno. Zambarau chini ya jani la nyanya changa kwenye baridi kali, mara nyingi ni fosforasi ambayo mzizi unashindwa kuichukua kwa sababu udongo umepoa. DAP aliweka, nilihakikisha. Ilikuwa ni kumwagilia asubuhi jua likishapanda badala ya jioni, kupunguza maji, kuweka matandazo mepesi na kungoja siku kumi. Gharama yake, nyasi kavu.

Hali ilivyo sasa: sukari tumesimamisha, miche iliyooza tumeng'oa na kuchoma mbali na kinyungu, iliyobaki imepata kizibo cha urea na inaanza kurudisha rangi. Mashimo yaliyobaki wazi kapanda spinachi na figili, mboga za muda mfupi ili angalau rejesho la kwanza la mkopo lipate pa kutokea. Nyanya zake zitachelewa kama wiki tatu. Nimekwenda naye kwa mwenyekiti wa kikundi na nikaeleza mbele ya wote kwamba ushauri ule ulitoka kwangu, kwa sababu walikuwa wameanza kumwita mzembe. Walisikiliza. Mmoja akacheka, akasema, "Kumbe bwana shamba naye hukosea." Hukosea, ndiyo.

Kuanzia sasa nikiwa barabarani sijibu swali la ugonjwa kwa simu. Nitakwambia nitumie picha tatu, ya mche mzima, ya chini ya jani na ya mzizi ukiwa umeng'olewa na udongo wake, nitajibu jioni nikikaa. Ukiona haraka, Jumanne na Ijumaa asubuhi niko ofisi ya kata. Njoo na mche wenyewe, umefungwa kwenye mfuko, na mizizi usiioshe.